Chujio la Maandazi Linapodaka Intaneti

Miaka ya 2000, Stan Swan wa Chuo Kikuu cha Massey nchini New Zealand alichukua chujio la waya lenye mpini wa mwanzi, la aina wanayotumia wapishi wa Kichina kuopolea chakula kwenye mafuta, akafunga mbele yake kipokezi kidogo cha waifai cha USB. Mtandao uliokuwa ukisuasua ukapatikana vizuri, na kutoka mbali zaidi.

Mawimbi ya waifai ya gigahezi 2.4 yana urefu wa takriban sentimita 12. Matundu ya chujio ni ya milimita chache tu, kwa hiyo wimbi halipenyi. Hugonga wavu na kurudi kama lilivyogonga bati zima. Umbo la bakuli nalo huyakusanya mawimbi hayo mahali pamoja, sentimita kadhaa mbele ya kitovu, na hapo ndipo kipokezi kinapofungwa.

Kilichopendeza zaidi ni waya. Ukiiweka antena dirishani na kuvuta waya mrefu wa antena hadi kwenye kompyuta, mawimbi hupungua njiani. Waya wa USB hubeba data, si mawimbi, kwa hiyo unaweza kufika mita 5 bila hasara hiyo.

Lakini chujio halizalishi nguvu yoyote, wala karatasi ya aluminiamu ambayo wengine huiweka kwenye ruta haizalishi. Hukusanya au kugeuza mawimbi yaliyopo. Ndiyo maana anayeizungushia ruta karatasi hiyo pande zote huyazuia mawimbi yake, ilhali anayeisimamisha nyuma ya antena tu huyaelekeza mbele mawimbi yaliyokuwa yakipotelea ukutani.

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, wakiongozwa na Xia Zhou, walilichukulia jambo hili kwa uzito linaostahili. Kompyuta ilichora umbo la kioo cha kuakisi mawimbi linalofaa nyumba husika, mashine ikalichapa kwa plastiki, kisha likafunikwa kwa aluminiamu. Gharama ilikuwa takriban dola 35. Vyumba vilivyohitaji mtandao viliupata vizuri zaidi, na sehemu zisizotakiwa zikaupata kwa shida, jambo linalosaidia pia usalama.

Huko Jalalabad, Afghanistan, mradi wa FabFi ulioanza mwaka 2009 uliunganisha majengo ya mji kwa vioo vya mawimbi vilivyotengenezwa kwa mbao, wavu wa waya na makopo. Ufundi huo ulifika hadi Nairobi.

Nyumbani, hata hivyo, kazi ya kwanza ni kuiondoa ruta nyuma ya friji au televisheni na kuipandisha juu, sehemu ya wazi. Baada ya hapo ndipo chujio lijaribiwe, likisogezwa taratibu huku programu ya simu ikipima mawimbi: −80 dBm ni dhaifu, −50 dBm ni nguvu nzuri. Kama namba ni nzuri na kurasa bado hazifunguki, tatizo huenda liko kwenye laini inayoleta intaneti nyumbani, na hapo chujio lirudi jikoni.