Mti uko uani kwako Ifakara? Pita ofisi hizi kabla ya kuita chenso

Masika yakikaribia, kila mwenye mti mkubwa karibu na nyumba huanza kuangalia juu. Tawi moja la mvule likidondoka, bati na kenchi vyote vinakwenda. Ndipo anapotokea mtu na chenso: atakata bure, ila mbao anabeba yeye.

Dili linaonekana tamu. Shida inaanza gari likisimamishwa njiani halina karatasi. Swali la kwanza ni mti umetoka wapi, na jibu ni uani kwako.

Je, mti ulio kwenye kiwanja chako unahitaji kibali? Inategemea mambo matatu.

1. Ni mti gani
Mwembe, mpera au mwarobaini ulioupanda mwenyewe si sawa na mti wa asili wa mbao. Mvule, mninga, mkangazi na mpingo ni miti ya thamani, na uvunaji wake unasimamiwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Hata kama umesimama nyuma ya jiko, usiuguse kabla afisa misitu hajauona.

Mitiki ni habari nyingine. Bonde la Kilombero lina wakulima wengi walioipanda wenyewe, na mti wa kupandwa ni mali ya aliyepanda. Hakikisha tu majirani na uongozi wa mtaa wanajua ni ya kwako. Siku ya kuuza, hao ndio mashahidi.

2. Umesimama wapi
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa Ifakara hili si jambo la vitabuni. Wanaoishi kando ya Lumemo wanajua mto ule ukifurika unavyoingia mitaani. Mizizi ndiyo inayoshika kingo, ukiing'oa mto unasogea kwako.

Mti ukigusa nyaya za umeme, usipande na panga. Toa taarifa TANESCO, waje na mafundi wao.

Na kama umesimama mpakani, kubalianeni na jirani kwanza, ikiwezekana kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mkishindwana, baraza la kata lipo kwa usuluhishi.

3. Utaupeleka wapi
Kukata ni jambo moja, kusafirisha ni jambo lingine. Magogo, mbao au mkaa vikitoka kwenda kuuzwa vinahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile wengi wanaiita TP. Bila hiyo, geti la maliasili hupiti. Mzigo unaweza kutaifishwa, na mwenyewe akakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili.

Uanzie wapi?
Mjini, anza kwa mtendaji wa mtaa. Kijijini, anza kwa mtendaji wa kijiji. Mweleze mti upo wapi na kwa nini unataka kuuondoa. Piga picha kwa simu: mti mzima, umbali wake na nyumba, na sehemu iliyooza au kupasuka. Picha hizo zitasaidia pia kama mti utaanguka wenyewe kabla ya majibu.

Hatua inayofuata ni afisa misitu wa halmashauri. Kwa mti wa asili wa mbao, utaelekezwa pia kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Uliza sheria ndogo za halmashauri yako zinasemaje, maana Mji wa Ifakara, Mlimba na Ulanga ni halmashauri tofauti.

Ukiambiwa kuna malipo, omba kontroo namba na ulipe kwa simu au benki. Usitoe hela mkononi. Risiti ndiyo itakayokutetea baadaye.

Na yule wa chenso? Mwambie asubiri. Kama ni mfanyabiashara wa kweli wa mbao, ana usajili wake na anajua taratibu. Akikuhimiza mkate usiku au Jumapili ofisi zikiwa zimefungwa, ujue anayebaki na kisiki, na maswali, ni wewe.