GOBORE, MARISAU NA MITUTU MIWILI: Istilahi za Bunduki Katika Njia ya Kale ya Tabora

Katika miaka ya karibuni, walenga shabaha na wawindaji wa ndege huko Uingereza na Marekani wameanza tena kuipenda bunduki ya marisau yenye mitutu miwili iliyolazwa ubavu kwa ubavu. Bunduki hii ilitawala mawindo ya ndege tangu nusu ya pili ya karne ya 19. Baadaye ilisukumwa kando na ile ambayo mitutu yake imepandana, mmoja juu ya mwingine, na pia na bunduki za mtutu mmoja zinazojipakia zenyewe. Leo viwanda vya Uturuki na Hispania vinaziunda kwa ajili ya wanunuzi wapya, na zile za kale zilizofungiwa makabatini zinatolewa na kupigwa tena. Wazipendao husema kwamba ni nyepesi, zimelingana uzito mkononi, na kwamba nyingi zina vifyatuo viwili, hivyo mpigaji huchagua mtutu autakao papo hapo.

Msomaji aweza kuuliza: hayo yanawahusu nini watu wa istilahi? Yanatuhusu kwa kuwa chombo kirudipo hudai majina yake. Katika taarifa zetu za kila siku, bunduki yoyote iliyochakaa huitwa gobore, na ile iliyo nzima huitwa shotigani. Pengine hutumika jina la mtengenezaji, kama ilivyo katika msemo "bunduki aina ya Greener", ambalo ni jina la kiwanda cha Birmingham, Uingereza, lililogeuka kuwa jina la aina nzima ya bunduki. Mazoea hayo yanatosha barazani, lakini hayatoshi katika hati ya leseni, mashtaka au maelezo ya usalama. Tena mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Neno lililokuwa likiachiwa Kiingereza sasa linatungojea sisi.

Maneno yaliyopita njia ya misafara

Tabora ni mahali pafaapo kuanzia. Burton na Speke walipofika Kaze, katika Unyanyembe, mwezi wa Novemba 1857, walikuta makazi ya wafanyabiashara kutoka pwani. Bunduki ilipita njia ile ile ya Bagamoyo, Ugogo, Unyanyembe na Ujiji: mabegani mwa walinzi wa msafara ilikuwa silaha, na katika mizigo ya wapagazi ilikuwa bidhaa. Ilipigwa katika vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilivyoanza mwaka 1871. Ilipigwa pia kwa amani, kuwajulisha wenyeji kwamba msafara umewasili. Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa njia hiyo, alijulikana kwa jina la Tippu Tip, na kwa maelezo yake mwenyewe jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake. Mwezi wa Januari 1893, Mtemi Isike wa Unyanyembe, ngome yake ilipoingiwa na Wajerumani, aliwasha ghala lake la baruti akajilipua.

Silaha zilizotumika namna hiyo hazikukosa majina. Neno bunduki lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako kwanza lilikuwa jina la aina ya kokwa, kisha la kidonge cha kurushwa, na mwisho la chombo kirushacho kidonge. Risasi ni jina la madini ya risasi kabla ya kuwa jina la kitu kitokacho mtutuni. Kasiba, neno la zamani la mtutu, asili yake ni tete au mwanzi. Fataki ilikuwa kifuniko kidogo chenye dawa iwashayo baruti kinapogongwa. Jiwe la kutolea cheche liliitwa gumegume, na bunduki itumiayo jiwe hilo ikaitwa bunduki ya gumegume.

Hata hivyo si maneno yote yaliyotoka ng'ambo. Mtutu na mzinga ni maneno ya Kibantu. Katika misitu ya miombo ya Tabora, nchi ya asali, kila mtu ajua kwamba mzinga ni gogo lililotobolewa likatundikwa mtini ili nyuki waingie. Watu walipoona chombo kikubwa cha chuma kilicho wazi ndani, walikiita kwa jina la kitu walichokwisha kukijua. Njia hiyo ya kutazama umbo, kisha kulitafutia jina nyumbani, ndiyo tutakayoifuata hapa.

Gobore ni nini?

Gobore ni bunduki ipakiwayo kwa mdomoni. Mpigaji humimina baruti, hutia kizibo na risasi, kisha hushindilia kwa mti wa kushindilia. Sifa yake ni namna ya kupakiwa, wala si uzee wala uchakavu. Kudumu kwake katika nchi zetu kuna sababu za kihistoria. Mojawapo ni Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliozuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu kwa masharti zile za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida.

Bunduki ya mitutu miwili tunayoizungumzia haipakiwi hivyo. Mitutu yake imeshikizwa kwenye kitako kwa bawaba. Mpigaji akisukuma kabari, mitutu huinama, na risasi zilizokwisha kutengenezwa hutiwa kwa nyuma. Namna hii ilianza kuenea baada ya Mfaransa Lefaucheux kuibuni katika miaka ya 1830. Mwaka 1875 Anson na Deeley wa Birmingham walibuni mtambo ambao nyundo zake zimefichwa ndani na hujikokota mitutu inapoinama, na mtambo huo ungali ukitumika mpaka leo. Kwa hiyo kuiita bunduki ya namna hii gobore, ati kwa sababu ni ya babu na kitako chake kimefungwa waya, ni kosa. Mwenye leseni ya chombo kimoja aweza kuonekana ana chombo kingine, na chanzo cha matata yake kikawa karani aliyeandika neno alilozoea.

Jina la mitutu miwili

Jina la jumla halina shida: bunduki ya marisau. Marisau ni vidonge vidogo vidogo vitokavyo kwa pamoja na kutawanyika, vifaavyo kwa kanga na kwale. Neno hili limo katika kamusi zetu tangu zamani, na linashinda shotigani kwa kuwa linaeleza kazi. Tena lina faida ya pili. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1991 matumizi ya vidonge vya risasi katika kuwinda bata wa majini, kwa sababu madini hayo huwasumu ndege, na vidonge vya chuma vikashika nafasi yake. Kusema "risasi za chuma" ni kutaja madini mawili kwa pumzi moja. Kusema "marisau ya chuma" hakuna ubishi.

Shida iko katika kutofautisha mitutu iliyo ubavu kwa ubavu na ile iliyopandana. Pendekezo la kwanza lijalo akilini ni "mitutu sambamba". Neno ni zuri, lakini lina kasoro mbili. Kwanza, katika hisabati mistari sambamba ni ile isiyokutana, na sifa hiyo yaweza kudaiwa pia na mitutu iliyopandana. Pili, kwa hakika mitutu ya ubavu kwa ubavu haiko sambamba: mafundi huiunga ikisogeleana kidogo kuelekea mdomoni, ili marisau ya mtutu wa kulia na ya kushoto yafike mahali pamoja katika umbali wa mawindo. Istilahi isiyokubaliana na chombo chenyewe itamchanganya mwanafunzi wa ufundi siku ya kwanza.

Pendekezo la "mitutu pacha" nalo halitoshi, maana pacha ni wawili tu, bila kuonyesha wamekaaje. Tunapendekeza basi bunduki ya mitutu ya bega kwa bega, na kwa upande wa pili bunduki ya mitutu ya kupandana. Ni majina marefu kidogo, lakini mtu aliyeshika jembe maisha yake yote huyaelewa bila kufafanuliwa.

Namba ya mtutu

Jambo litatanishalo zaidi ni namba. Bunduki huitwa ya 12, ya 16 au ya 20, na wengi hudhani kwamba namba kubwa ni mtutu mkubwa. Ni kinyume. Namba hiyo hutokana na kipimo cha zamani cha ratili: ni idadi ya mipira ya risasi, kila mmoja wenye upana wa tundu la mtutu, itakayotimiza ratili moja. Mipira 12 ikitimiza ratili, kila mmoja ni mkubwa, na tundu lina kipenyo cha milimeta 18.5 hivi. Ikihitajiwa mipira 20, kila mmoja ni mdogo, na tundu ni milimeta 15.6 hivi. Tunapendekeza iitwe namba ya ratili, ili jina lenyewe limkumbushe mtu asili ya hesabu.

Hapa neno ni uhai. Risasi ya namba 20 ikitiwa kwa bahati mbaya katika mtutu wa namba 12, hupita chumba cha risasi na kukwama mbele yake. Mpigaji asikiapo kimya hudhani mtutu u mtupu, hutia risasi ya namba 12 nyuma yake, na mtutu hupasuka mkononi. Kwa sababu hiyo watengenezaji wamezoea kuyapa maganda ya namba 20 rangi ya manjano. Lakini rangi bila maelezo kwa lugha ya mtumiaji ni nusu ya onyo.

Kiasi, ganda na baruti

Kiswahili cha karne ya 19 kiliita risasi nzima kiasi, kwa kuwa baruti yake imekwisha kupimwa. Ni neno la busara, ila leo limeshughulika na mambo mengine mno kurudishwa peke yake. Fataki nayo imehama: ni mchezo wa moto wa sikukuu, na tangu kampeni ya redio ya mwaka 2008 ni jina la mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Katika ufundi wa silaha yafaa isemwe kwa ukamilifu, fataki ya risasi.

Baruti ndiyo idaiyo uangalifu mkubwa kuliko yote. Bunduki nyingi za mitutu miwili za karne ya 19 ziliundwa kwa baruti nyeusi. Baruti ya siku hizi, isiyo na moshi mwingi, husukuma kwa namna nyingine, na yaweza kuuvunja mtutu usiopimwa kwa ajili yake. Vile vile vyumba vya risasi vya bunduki za kale mara nyingi ni vya milimeta 65, hali risasi nyingi za sasa ni za milimeta 70. Ganda refu huingia likiwa limekunjwa, lakini likipigwa hukosa nafasi ya kukunjuka, na nguvu ndani ya mtutu huzidi. Kwa hiyo tusiridhike na neno moja "baruti". Tutofautishe baruti nyeusi na baruti isomoshi, na vipimo vya chumba viandikwe katika kila hati.

Mapendekezo haya si amri. Maneno ya bunduki yalikuzwa na wapagazi, mafundi chuma na wawindaji wa Unyanyembe na Ujiji kabla ya kuingizwa kamusini. Wasomaji wa Tabora, Urambo, Sikonge na Nzega walio na maneno yanayosemwa hasa na mafundi na wawindaji wa huko wanaombwa wayalete. Neno litakalopatikana kinywani mwa fundi, likiwa wazi na lisilogongana na jingine, litastahili kutangulizwa mbele ya letu.