Mizani Ndani ya Tanuri

Kila mchoma makaa ajua ya kuwa magogo ya ratili 100 hayatoi makaa ratili 100. Sehemu kubwa hupotea. Je, hupotea wakati gani, na kwa upesi gani? Mwaka 1915 mtaalamu wa Japani, Bwana Kotaro Honda, aliunda mizani ya kujibu maswali ya namna hiyo. Kitu hutundikwa kwenye mkono wa mizani, kikaning'inia ndani ya tanuri la umeme; moto ukizidi, uzito wake husomwa papo hapo. Jiwe safi la chokaa la ratili 100, kwa mfano, huacha chokaa ratili 56 tu. Zile 44 huruka kuwa hewa.

Kwa mizani kama hizo wataalamu wameujua mti pia. Kwanza hutoka maji, karibu na digrii 100 za sentigredi. Kisha, toka digrii 200 hivi hata 400, mti wenyewe huvunjika, ukatoa moshi na lami. Na hili ndilo kubwa: mti ule ule ukipashwa moto polepole huacha makaa mengi kuliko ukipashwa kwa haraka. Basi afunguaye matundu mengi ya tanuri lake la udongo ili amalize mapema, hupata magunia machache, akarudi msituni na shoka. Kuni mbichi nazo huteketeza wenzake ili zikauke.

Moshi mweupe mzito ni mvuke wa maji. Ukigeuka mwembamba wa buluu, makaa ni tayari, matundu yazibwe.