Mtori, Kutoka Kihambani Hadi kwa Mzazi

Mtori ni supu nzito ya ndizi na nyama inayopikwa na Wachagga kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Siku hizi unauzwa katika migahawa ya Moshi, Arusha na Dar es Salaam, lakini kwa Wachagga hasa ni chakula cha mzazi: mwanamke aliyejifungua hulishwa mtori kwa wiki nyingi, mara nyingi kwa uangalizi wa mama mkwe, ili arudishe nguvu na maziwa yatoke vizuri.

Kuupika si kazi ngumu. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa huchemshwa mpaka ilainike. Ndizi mshare mbichi humenywa na kutumbukizwa majini zisigeuke nyeusi, naye mpishi hujipaka mafuta mikononi kwa sababu ya utomvu. Ndizi huivia ndani ya supu ya nyama pamoja na kitunguu, kisha hupondwa kwa mwiko au upekecho na kulegezwa kwa supu iliyobaki. Wapo wanaotia maziwa au siagi.

Mapishi peke yake hayaumalizi mtori. Asili yake ni kihamba, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa, kisha magimbi na mboga. Ng'ombe hufugwa zizini kwa majani na vigogo vya migomba, na samadi yake huirutubisha migomba ileile. Maji huja kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa na wazee kutoka mito ya mlimani. Mwaka 2011 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo huu, katika kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia.

Kwa hiyo anayetaka kuuandika mtori hana budi kupanda mlimani. Wageni wengi wa Materuni na Marangu huonyeshwa maporomoko ya maji na kutwanga kahawa, chakula kikabaki kuwa cha mchana tu. Hiyo ni hasara. Jikoni ndiko pa kuuliza ni ndizi ipi, inaitwaje katika lahaja za Kichagga kama Kimachame au Kirombo, na nani humpikia nani. Papo hapo vitatajwa vyakula vingine vya Wachagga, machalari, kiburu na ngande, navyo vinastahili kurasa zake. Bibi anayepika hapimi kwa kikombe. Mwandishi ndiye apime kilichomo kiganjani mwa bibi kabla hakijaingia chunguni. Na jina la mpishi, akiridhia, liandikwe juu ya mapishi yake.