Tairi Likipata Moto, Usipunguze Upepo

Msomaji mmoja wa Awasi, dereva wa Probox inayopanda Kericho na kurudi, ameuliza swali ambalo nilikuwa nikilingoja. Jumatatu alfajiri hujaza upepo 33. Akishuka kutoka Kericho saa saba mchana na kuegesha sokoni, tairi halishikiki, na geji inasoma 38. Fundi wa pancha humwambia afungue valvu kidogo irudi 33, "ndio lisipasuke". Ametii hivyo kwa miaka, na bado matairi ya nyuma humpasukia. Sasa anayashuku matairi yenyewe. Aliuziwa kama "ya misimu yote", naye anauliza kama misimu hiyo ni pamoja na Januari ya Awasi.

Twende moja kwa moja ndani ya mpira, maana fundi amekosea, na kosa lake lina utamu.

Kinachobeba gari ni upepo, mpira ni mfuko tu. Chukua gari la kilo 1,200, kila gurudumu likibeba 300. Presha ya 30 ni kama kilo 2.1 kwa kila sentimita mraba, kwa hiyo tairi litajibana hadi sentimita mraba kama 140 ziguse lami. Shusha presha iwe 20, na eneo hilo linakaribia 215. Tairi halina njia ya kulipata eneo hilo ila kukunjika zaidi. Kila kipande kikifika chini kinabanwa, ubavu unafura, kisha kikiinuka kinarudi katika umbo lake. Tairi la Probox lina mzunguko wa karibu mita 1.9. Ukienda kilomita 80 kwa saa, kila kipande kinakunjwa na kukunjuliwa zaidi ya mara 11 kwa sekunde.

Lau mpira ungekuwa unarudisha nguvu yote uliyopewa wakati wa kukunjwa, tairi lingefika Kericho likiwa baridi karibu kama lilivyotoka. Haurudishi. Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli, imejisokota ovyo na kufungwa pamoja kwa salfa, ufundi alioupata Charles Goodyear huko Marekani mwaka 1839. Ukiuvuta, minyororo inanyooka huku ikisuguana yenyewe kwa yenyewe, na kusuguana na masizi meusi yaliyotiwa humo kuuimarisha. Ukiuachia unarudi, lakini kwa kujivuta, na sehemu ya nguvu imeshageuka joto.

Vitabu vya fizikia huiita tabia hii histeresisi. Mwenzangu mmoja anataka tuseme "uchelewaji", neno ambalo mimi linanikumbusha matatu inayongoja kujaa, wala halisemi kwamba kuna kitu kilichopotea. Mimi nitasema "mrejeo pungufu".

Mfikirie binamu wa kukopakopa. Unampa shilingi 100, anarudisha 90. Si mtu mbaya, analipa palepale, na shilingi kumi hazivunji undugu. Shida ni kwamba huyu anakopa mara 11 kwa sekunde. Zile kumi kumi hazitupi. Anazificha chini ya godoro, na hana haraka ya kuzitoa, kwa kuwa mpira hupitisha joto polepole sana. Godoro linafura. Palipofura zaidi ni begani mwa tairi, pale ubavu unapokutana na meno, ndipo unene ulipo na ndipo panapokunjwa. Sasa tazama uzuri wake: godoro likifura, upepo uliomo ndani ya tairi nao unapata joto, presha inapanda kutoka 33 hadi 38, tairi linakaza, linakunjika kidogo kuliko awali. Yaani mwenye pesa ameanza kubana mkono mwenyewe, badala ya 100 anatoa 85. Binamu bado anakata fungu lake lilelile, lakini la mkopo mdogo. Baada ya nusu saa hivi ya mwendo, kinachofichwa na kinachovuja kwenda nje vinalingana, na joto linatulia. Tairi limejitibu bila daktari. Hapo ndipo fundi anapokuja na msumari wake, anabonyeza valvu, na kumlazimisha mwenye pesa arudi kutoa 100, na zaidi.

Lile 38, basi, ndilo lililokuwa likimlinda. Ile namba ya 33 ilikuwa ya tairi baridi, lililolala usiku. Ukiirudisha 33 wakati tairi lina nyuzi 50 na kitu, Jumanne alfajiri litaamka na 28. Mchana wa Jumanne geji itasoma 33 au 34, dereva ataridhika, na tairi litakuwa limekunjika safari nzima kuliko lilivyoundwa kukunjika. Ndani, kusikoonekana, mpira unaanza kuachana na mikanda ya waya wa chuma. Siku litakapopasuka, lawama itakuwa ya jua.

Marekani walilipa somo hili kwa damu. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliagiza yarudishwe matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer. Meno yalikuwa yakibanduka barabarani, hasa kwenye majimbo ya joto, na waliokufa walipita 200. Matairi yenyewe yalikuwa na kasoro, ila katika mvutano uliofuata ilijulikana pia kwamba Ford ilikuwa imependekeza presha ya 26 tu. Baada ya hapo sheria ikalazimisha magari mapya ya huko yawe na taa ya kumwonya dereva tairi likipungua upepo.

Kupanda Kericho nako kuna vituko vyake. Geji haipimi upepo wote ulio ndani, inapima jinsi ulivyozidi ule wa nje. Kandokando ya Ziwa Victoria tuko mita 1,134 na zaidi juu ya bahari, Kericho ni kama mita 2,000, na hewa ya nje huko ni nyepesi kwa karibu 1.3 kwa kipimo hichohicho cha geji. Tairi baridi lingesoma zaidi kule juu. Lakini baridi ya alfajiri ya Kericho nayo inashusha kama 1 kwa kila nyuzi 6 hivi. Viwili vinashindana, na hukaribia kutoshana nguvu.

Nije kwenye misimu yote. Matairi hayo yalibuniwa kwa nchi ambazo mwaka mmoja una theluji na kiangazi, mpira wake ukiwa suluhu kati ya ule laini wa baridi na ule mgumu wa joto. Alama ya M+S ubavuni ni ya matope na theluji. Kwa Awasi si mabaya, mradi upepo uwe sawa. Ningekuwa msomaji huyu, ningechuchumaa nisome ubavu wa yale ya nyuma. Gari la mtumba kutoka Japani huweza kuja na matairi ya theluji, yameandikwa waziwazi STUDLESS. Wajapani walipopiga marufuku matairi ya misumari kwa sheria ya 1990, kwa sababu yalichimba lami na kujaza miji vumbi, walihamia haya. Pitisha kidole gumba juu ya meno: utahisi mikato myembamba ya mawimbi, mingi, na mpira unabonyea. Umeumbwa ubaki laini kwenye barafu. Juu ya lami ya Awasi saa nane mchana unaliwa kama sabuni, na kwa ulaini wake meno yanatepeta kila yakigusa barabara. Ubavuni tafuta pia tarakimu 4 za mwisho za namba ya kiwandani, ujue umri wa tairi: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018.

Kuhusu matope, wanaopunguza upepo ili wapite kwenye udongo mweusi wa mashamba ya miwa upande wa Chemelil wako sahihi, maana tairi pana halizami upesi. Ila wajaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Namba sahihi ya kujaza iko kwenye kibandiko mlangoni mwa dereva, na isomwe tairi likiwa baridi. Magari ya Japani huiandika kwa kilopaskali: 220 ni 32 ya geji yetu, 240 ni 35. Angalia vizuri mbele na nyuma, maana gari la mizigo huenda likataka tofauti, na nyuma huhitaji zaidi likibeba. Ya abiria 11 ndani ya Probox hutaipata popote kwenye kibandiko hicho.