Gari la marehemu baba: lifufuliwe au liuzwe chuma chakavu?

UKIPITA katika vijiji vya Bukoba na Muleba, si ajabu kukuta gari kuukuu limelala kando ya migomba, matairi yamezama ardhini na kuku wametaga juu ya kiti cha dereva. Mnunuzi wa chuma chakavu anapobisha hodi, familia hugawanyika: mmoja anataka fedha, mwingine anasema gari la baba haliuzwi kwa kilo.

Kabla ya kukata shauri, yafaa kufahamu mambo matatu: kutu imefika wapi, kazi ifanyike lini, na gari ni mali ya nani kisheria.

Kutu hutokea chuma kinapokutana na hewa na maji. Bukoba, iliyo ukingoni mwa Ziwa Victoria, ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, hivyo gari lililoachwa nje halipati nafasi ya kukauka.

Tuchukue mfano wa Land Rover ya zamani. Ilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilifanywa kwa aluminiamu, ambayo haishiki kutu nyekundu. Bodi hiyo huweza kumdanganya mtazamaji. Ugonjwa umo katika chesisi, ambayo ni ya chuma na ina uwazi ndani. Tope huingia humo, hukaa na unyevu, na chuma huliwa kutoka ndani.

Kipimo chake ni nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito na pengine nyundo huzama. Palipooza pakatwe na kuchomelewa bamba jipya. Kuziba kwa puti na kupaka rangi ni kujidanganya, kwa kuwa chesisi ndiyo inayobeba injini, springi na usukani.

Kazi ya kuchomelea na kupaka rangi ni vema ifanyike kati ya Juni na Agosti, mvua inapopungua. Rangi ikipakwa juu ya chuma chenye unyevu, kutu huendelea chini yake.

Watoto wanaweza kusafisha boliti, kuzifunga katika mifuko yenye majina na kuchora kila kitu kilikotoka. Hata hivyo, wasikaribie tangi la petroli. Hata likiwa tupu, mvuke uliobaki huweza kulipuka, hivyo liondolewe kabla ya kuchomelea. Aidha, vumbi la breki za zamani lisipulizwe, kwani huweza kuwa na asbesto inayodhuru mapafu. Lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa.

Injini iliyokaa miaka mingi isilazimishwe kuwaka. Plagi zifunguliwe, oili imiminwe kidogo katika kila silinda na iachwe kwa siku kadhaa, kisha izungushwe polepole kwa mkono. Mabomba na mipira ya breki ibadilishwe yote.

Jambo la tatu ndilo huvunja undugu. Kadi ya gari ikiwa bado ina jina la marehemu, gari ni sehemu ya mirathi. Ndugu anayetumia fedha zake kulifufua hawi mmiliki kwa sababu hiyo. Ukoo ukae kikao, upendekeze msimamizi wa mirathi, na mahakama imteue. Ndipo jina la mmiliki linaweza kubadilishwa katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Hivyo basi, daftari liwe kifaa cha kwanza kununuliwa. Kila shilingi iandikwe, na kila ndugu atie saini iwapo fedha hiyo ni mkopo, mchango au zawadi. Na endapo nyundo itaonyesha kwamba chesisi yote imekwisha, si aibu kuuza. Ila wauze wakiwa wamekubaliana.