Fukusi wa gugumaji

Fukusi wa gugumaji ni mbawakawa wadogo wa jenasi Neochetina (oda Coleoptera) wanaokula majani ya gugumaji. Asili yao ni Amerika ya Kusini, sawa na mmea wenyewe. Spishi mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, zimepelekwa nchi nyingi ili kupunguza mmea huo.

Mmea mwenyeji

Gugumaji (Pontederia crassipes, zamani Eichhornia crassipes) huelea kwa sababu vikonyo vya majani yake vimejaa hewa. Huchipua upesi na kufunika maji, hata mitumbwi hushindwa kupita. Fukusi hawa hutegemea mmea huu karibu katika kila hatua ya maisha yao. Kabla ya kuachiwa walijaribiwa kwa mimea mingine mingi, yakiwemo mazao, ili kuhakikisha kwamba hawatageuka kuwa wasumbufu wapya.

Mzunguko wa maisha

Jike hutaga mayai ndani ya majani na vikonyo. Mayai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Buu hana miguu. Hutoboa kikonyo akila kuelekea chini mpaka kwenye shina, ambako huharibu machipukizi. Akishakua hushuka kwenye mizizi, hujitengenezea kifuko kwa vijizizi na kuwa bundo chini ya maji.

Fukusi mpevu ana urefu wa milimita 4 hadi 5. Mchana hujificha katikati ya majani, usiku hutoka kula. Hukwangua ngozi ya jani na kuacha makovu madogo ya mraba, dalili rahisi ya kuwatambua.

Faida na mipaka

Makovu hupoteza maji ya mmea, na matundu ya mabuu huingiza kuvu na bakteria. Vikonyo huoza, hujaa maji, na hatimaye mmea huzama. Kazi hii huchukua miaka, si majuma.

Katika Ziwa Viktoria waliachiwa upande wa Uganda mwaka 1995, kisha Kenya na Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1990 gugumaji lilipungua sana. Wataalamu wengi huwasifu fukusi. Wengine hutaja pia hali ya hewa ya El Niño ya 1997-1998. Baadaye gugu lilirudi, hasa katika Ghuba ya Winam. Mbegu zake hudumu miaka mingi kwenye matope, na rutuba inayotiririka kutoka mashambani na mijini huliotesha upya. Kwa hiyo fukusi hupunguza gugumaji, lakini hawalimalizi.